Vyumba Sita vya Nyangwine

Nyangwine wa Genkuru alipiga hesabu ya vyumba sita vya kupangisha kwa kijiti kwenye vumbi, mbele ya mkewe Wegesa, na tangu siku hiyo akawa anatembea kifua mbele. Vyumba sita, kila kimoja elfu thelathini kwa mwezi, mara miezi kumi na miwili: milioni mbili, laki moja na sitini elfu. Ng'ombe tisa aliowauza ili ajenge walimpa milioni sita na laki tatu. Miaka mitatu haifiki fedha imerudi, na wafanyakazi wa mgodini wapo tele! Ng'ombe hao walitoka kwenye mahari ya binti yao Bhoke. Zizini walibaki watano.

Wegesa aliishia darasa la saba, lakini hesabu ile haikumwingia akilini. Ilikuwa hesabu ya mtu anayedhani ukishaezeka bati, kodi inaota yenyewe.

Maana bwana mkubwa alijenga wapi? Nyumbani kwao, katikati ya wanaume aliotahiriwa nao mwaka mmoja. Na mtu wa rika lako huwezi kumdai kodi. Ukimdai, utakaa na nani kwenye pombe? Waitara aliingia chumba cha kwanza "kwa wiki mbili tu". Wengine wanne wakamfuata. Mwaka ukaisha wote wamo, wanakoroma. Chumba cha sita alipanga Theodosia, nesi aliyehamishiwa zahanati kutoka Bukoba, asiye na rika hapa. Huyo peke yake ndiye aliyelipa: laki tatu na sitini. Kwa mwendo huo fedha ingerudi baada ya miaka kumi na saba na nusu. Wegesa aliipata hesabu hiyo kichwani, huku anakamua.

Asubuhi moja Nyangwine alimfuata zizini.

"Mama Bhoke, hawa watano tuwauze. Tuongeze vyumba vinne. Shida yetu vyumba ni vichache."

Wegesa alimtazama mumewe kuanzia viatu hadi kofia. Alimdharau, na hakujisumbua kuficha.

"Sawa, Baba Bhoke. Nenda kwa Waitara, akupe kodi ya mwezi mmoja. Mwezi mmoja tu. Ukirudi nayo, zizi nalifungua mimi mwenyewe."

Nyangwine alivaa koti, akaenda kwa hatua za mwenye nyumba. Alikaa huko kitambo. Kicheko cha Waitara kilisikika hadi zizini, na cha Nyangwine kikafuata.

Alirudi polepole, ameshika kikombe kitupu.

"Anasema," alianza, macho chini, "anaomba maziwa kidogo. Ya chai."

Wegesa hakucheka. Alikijaza kikombe mpaka juu, akamrudishia.

"Mpelekee mpangaji wako. Mwambie yametoka kwa ng'ombe ambaye hauzwi."

Nyangwine alikipokea kwa mikono miwili, akaondoka taratibu asije akamwaga.