Magari Yangu Aliyoyatunza Yeye

Nina wivu, na nimeona nikiri mapema ili msomaji asije akanionea huruma bure. Ninayemwonea wivu ni mtu niliyelala naye jamvi moja utotoni, mtoto wa marehemu baba yangu mdogo. Kwa desturi yetu humu kisiwani huyo si binamu, ni mdogo wangu kabisa. Alilelewa nyumbani kwetu tangu yu mchanga, naye humwita baba yangu baba, hivyohivyo, kama ninavyomwita mimi.

Baba alikuwa fundi mitambo melini. Kila aliporudi likizo alileta gari moja la rimoti, akanikabidhi mimi kwa kuwa ndiye mkubwa. Yalifika saba. Kilindoni ya siku zile sikumjua mtoto mwingine aliyekuwa na hata moja. Niliyapanga juu ya kabati la vyombo la mama, nikayafuta vumbi kwa kipande cha kanga, na mdogo wangu nilimruhusu kuyatazama tu, mikono ikiwa nyuma. Akisogea hatua moja nilimfukuza. Nilikuwa bahili wa kutisha, na sikuona haya.

Nikiwa na miaka kumi na minne nilikwenda kusoma bara. Shule ikazaa chuo, chuo kikazaa kazi ya kupima ardhi, kazi ikanizungusha mikoa mitano. Mwaka juzi nikahamishiwa hapa kwetu, halmashauri. Wiki ya kwanza tu nilikwenda kumsalimu mdogo wangu kwenye karakana yake ya pikipiki, na juu ya rafu, kwenye ukuta wa minyororo na plagi, nikayaona magari yangu yote saba. Safi, yanang'aa, yanatembea. Matairi yaliyoisha alikuwa ameyachonga upya kwa kandambili kuukuu.

Mtu muungwana angeshukuru. Mimi roho iliniuma. Tena iliniuma zaidi nilipoona nani amekaa chini ya rafu ile, kwenye siti ya pikipiki iliyogeuzwa kigoda. Baba. Alikuwa anacheka mpaka anapangusa machozi.

Nikaja kujua kwamba huwa pale kila siku baada ya alasiri. Kwangu huja pia, sisemi haji, lakini hukaa ukingoni mwa kiti kama aliyekuja kutoa pole. Huulizia watoto, huulizia kazi, hunywa chai nusu kikombe. Nilianza kuhesabu dakika. Ishirini zikizidi, nilijiona nimepata.

Basi ndivyo nilivyorudia mambo yangu ya utotoni, na nisidanganye kwamba niliyarudia kwa mapenzi. Niliagiza magari Dar kwa simu, yakaja na boti ya Nyamisati yamefungwa kwa maboksi. Moja linapanda mawe, jingine lina kamera, jingine linageuka juu chini na kuendelea na safari. Yalipofika kumi na moja nilipigilia rafu sebuleni. Mke wangu alinitazama, akatikisa kichwa, akaenda zake jikoni. Nikamwalika baba. Akalishika lile la kamera, akaligeuza tumbo, akasema, "Zuri. Lina mbio." Kisha akaulizia fimbo yake, maana alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa.

Hapo ndipo nilipoitoa rimoti moja niliyokuwa nimeificha miaka mingi. Nilipokwenda bara utotoni, niliichukua kwa siri rimoti ya gari jekundu, lililokuwa bora kuliko yote, nikaificha kwenye sanduku langu la bati chini ya mashati. Gari sikulichukua. Shida yangu haikuwa gari, shida yangu ilikuwa mdogo wangu asiliendeshe. Ilinifuata mikoa yote mitano na sikuwahi kuitupa. Nikaifuta kutu, nikaitia betri mpya, na taa yake ndogo ikawaka.

Ijumaa zote, msimu wa mbata ukiwa umepita, mdogo wangu huyaendesha magari kwenye sakafu pana ya kukaushia nazi karibu na karakana. Watu huja kutazama, wazee kwa watoto. Ijumaa hiyo nami nilikwenda, na begi langu la kazini begani, mkono wangu ndani ya begi.

Magari haya ya zamani hayamjui mwenyewe. Rimoti mbili za masafa mamoja, yaani mawimbi yaleyale ya redio, zikiwashwa karibu, gari husikia zote mbili na kuchanganyikiwa. Mdogo wangu alilitoa lile jekundu, akalipeleka kwa rimoti nyingine aliyokuwa nayo, kwa madaha, hadi katikati ya sakafu. Nikabonyeza. Likapinda likagonga ukuta. Akalirudisha, nikabonyeza tena, likazunguka kama kuku aliyechinjwa. Mara ya tatu lilikwenda kujikita mchangani, na watu wakaacha kucheka.

Bibi mmoja aliyekuwa anauza kashata pale akasema kwa sauti, "Hapa pana kijicho! Mnalitazama gari la watu mmenyamaza! Semeni mashaallah, jamani!"

"Mashaallah," wakaitikia, mmoja baada ya mwingine, na zamu ikanifikia mimi. Wote walinitazama. Nilifungua kinywa, na sikuweza. Sikuweza kulitaja jina la Mwenyezi Mungu huku kidole changu kikiwa pale kilipokuwa. Nikautoa mkono begini.

"Mashaallah," nikasema.

Gari likaondoka mchangani, likakata sakafu yote, likanyooka kama uzi. Yule bibi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Baba hakulitazama gari. Alinitazama mimi, kisha begi.

Kesho yake alikuja kwangu kabla hata ya alasiri. Moyo wangu mpumbavu ukafurahi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Hakuketi ukingoni. Aliketi vizuri, fimbo magotini, na rafu yangu hakuigeukia.

"Jana gari lilipotea njia mara tatu," akasema. "Ulipoutoa mkono, likapona. Nimeishi na mitambo miaka thelathini, mwanangu. Kijicho hakina masafa."

Nilitamani sakafu inimeze. Nikaitoa rimoti, nikaiweka mezani. Baba akaivuta karibu yake.

"Ulipoondoka, mdogo wako alikuwa na miaka minane," akasema. "Marehemu mama yako alimchapa kwa kuipoteza hii. Alipekua mvunguni, akapekua jikoni, akawa anachungulia kisimani. Nilirudi likizo nikamkuta bado anatafuta. Nikamhurumia. Tukafungua rimoti ya gari bovu niliyokuja nayo kutoka melini, tukaitengeneza ifanye kazi na lile jekundu. Likizo nzima, mimi na yeye. Ndipo alipojifunza ufundi. Mpaka leo anadhani aliipoteza yeye."

"Ulijua ni mimi?"

"Nimejua jana. Nenda ukamwambie."

Nilikaa pale nikijumlisha. Ile siti ya pikipiki, kile kicheko, zile alasiri zote: hakuniibia mtu. Nilimpa mwenyewe, nikiwa na miaka kumi na minne, siku niliyoificha rimoti kwenye sanduku la bati.

Tulikwenda pamoja. Baba akaketi mahali pake, mimi nikasimama mbele ya meza ya spana. Nilimweleza mdogo wangu yote, la utotoni na la jana, bila kupunguza neno. Nilijiandaa kwa matusi, na kwa kweli niliyataka. Alifuta mikono kwa tambara, akaipokea rimoti kwa mikono miwili, akaigeuza, akakuta alama ya kisu niliyoiweka mwenyewe utotoni mgongoni mwa rimoti. Uso wake ukarudi kuwa wa miaka minane.

"Baba!" akapiga kelele. "Baba, imeonekana!"

Baba akainuka haraka kuliko nilivyomwona akiinuka miaka hii yote. Wakainamia meza pamoja. Mmoja alishika bisibisi, mwingine akakinga kiganja kupokea skrubu, wakaanza kuifungua, wakiulizana na kujibizana kwa maneno nusunusu, kama watu waliozoeana mno. Hakuna aliyenikasirikia. Hakuna aliyenigeukia. Nilisimama mlangoni nikitazama migongo yao miwili, na Mungu anisamehe, nilitamani kuinyakua ile rimoti niirudishe begini.