Danford Masunga na Kasuku Wake wa Rangi

Shemeji yangu Danford Masunga ni mtu wa kujisikia, na sitamremba hapa. Amemuoa dada yangu Veronica. Nyumba yangu na yake zinatazamana hapa Somanda, Bariadi, kwa hiyo haya ninayosema nimeyaona mwenyewe nikiwa kwenye kochi lake, nikinywa chai aliyoichemsha dada.

Alikuwa mtunza stoo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Wenzake walipostaafu walinunua ng'ombe au wakarudi kulima. Yeye alikwenda Mwanza akarudi na kasuku wadogo, wale wasiozidi shomoro sana, wafugaji wanawaita baji. Wakazaana. Nyuma ya nyumba kukawa na banda la waya lenye viota vya mbao, na ndani yake ndege wa kijani, bluu, njano na weupe, wakipiga kelele kutwa. Ndege ni wazuri, sina neno nao. Aliyekuwa anapepeta uwele, anaponda maganda ya mayai na kukwangua kinyesi ni Veronica. Kazi ya Danford ilikuwa kuongea.

Elimu yake yote aliitoa kwenye simu. Alikesha na video za wafugaji, akaingia kwenye makundi ya WhatsApp, akarudi kwetu akiwa profesa. Mgeni akija kutoa pole ya msiba anaoneshwa ndege. Fundi akija kuziba bomba anafundishwa kwa nini huyu ni bluu na yule ni kijani. Asiyeelewa aliitwa mshamba, na kwa Danford mshamba ni kila mtu anayeishi nje ya sebule yake.

Siku moja alikuja Paschal, muuza vipuri vya pikipiki kutoka Mwanhuzi, amepakata tundu lililofunikwa kanga. Alikuwa amenunua kwa Danford dume na jike, wote kijani.

"Mzee, umeniuzia jike lisilotulia," alisema, nusu anatania nusu amekasirika. "Dume kijani, jike kijani, kinda limetoka bluu. Na jirani yangu ana dume la bluu. Sasa mimi nielewe nini?"

Danford alicheka mpaka akashika ukuta. Akamwita mwanawe Method, aliyekuwa anaishi pale na mkewe, waje wamsikie huyu mtu. Monika, mke wa Method, alikuja na sinia la vikombe. Tumbo lake lilikuwa limeshakuwa kubwa.

"Jike lako halijatoka nje ya ndoa, bwana," Danford alisema. "Kila ndege anabeba rangi mbili, moja kapewa na baba, moja na mama. Kijani ikikaa na bluu, kijani inajitokeza, bluu inajificha. Inajificha tu, haijafa. Dume lako linayo ndani, jike lako linayo ndani. Zikikutana hizo mbili zilizojificha, kinda linatoka bluu."

"Na kama ni jike peke yake linayo?"

"Hupati bluu mpaka kiama. Lazima watoe wote wawili. Anayemlaumu jike peke yake hana akili, akachunge mbuzi."

Paschal aliondoka na tundu lake, ameaibika. Danford alimcheka wiki nzima, hata kanisani, tena mbele ya watu waliokuwa hawamjui Paschal wala hawajawahi kuona kasuku.

Monika alijifungua msimu wa kupalilia pamba. Mimi na Veronica tulikuwa hospitali. Mtoto wa kike, mzima, analia kwa nguvu, ngozi nyeupe, nywele za rangi ya ndevu za mahindi mabichi. Muuguzi alizungumza nasi taratibu: mtoto ana ualbino, akingwe na jua, macho yapimwe mapema, na asiachwe peke yake. Method alimpokea akamtazama muda mrefu. Machozi yalimtoka, kisha akauliza kofia za watoto wachanga zinauzwa wapi. Wakampa jina la Anna.

Danford alifika jioni amevaa koti. Alisimama mbali kidogo na kitanda, mikono nyuma.

"Huyu katoka wapi?" akauliza.

Hakumgusa. Akasema ndege hawajafungiwa, akaondoka.

Monika alipotoka hospitali, mzee aliitisha kikao sebuleni. Tulikuwepo Method na Monika, mimi na dada, na mama yake Danford, Bibi Nyamizi, aliyeletwa kutoka Mwamapalala kuja kumwona kitukuu chake. Bibi alikuwa amempakata mtoto. Danford alikaa kwenye kiti chake kirefu kama anasikiliza kesi ya mipaka ya mashamba.

"Ukoo wa Masunga hauna kitu hiki," alianza. Akataja lile neno la kuwatukana watu wa namna ya Anna, ambalo siliandiki. "Monika kaja nacho kutoka kwao. Method, mrudishe kwa wazazi wake. Wazee watazungumza habari za ng'ombe wa mahari."

Method alifungua mdomo, lakini Monika alimwahi. Msichana yule hakuwa na kawaida ya kuongea mbele ya baba mkwe.

"Baba, nilikuwa nimeshika sinia pale mlangoni," alisema. "Ulimwambia Paschal bluu haitoki mpaka watoe wote wawili. Mimi ninayo, baba, sikatai. Lakini na Method anayo. Method kaipata wapi?"

"Unanilinganisha na ndege?"

"Ni wewe uliyesema anayemlaumu jike peke yake hana akili."

"Ndege ni ndege! Watu ni watu!"

Nilimtazama usoni wakati ule, na hapo ndipo heshima yangu kwake iliisha. Angekuwa hajui, ningemvumilia. Mtu asiyejua unamweleza, leo asipoelewa kesho ataelewa. Huyu alijua. Kati ya hapa na Meatu hakukuwa na mtu aliyejua hesabu ile kumzidi, na ilipofika mlangoni kwake aliitema kama pumba. Alimwonea binti wa watu ili jina lake libaki safi, na alikuwa anajua anachofanya.

Bibi Nyamizi hakuinua kichwa. Aliongea Kisukuma, polepole, macho yake kwa mtoto.

"Danford, Lukresia nilimzaa na nani?"

Method alituangalia mmoja mmoja. "Lukresia ni nani?"

"Mkubwa wake baba yako," bibi alisema. "Nilimzaa hivi hivi, mweupe. Masista walimchukua bwenini akasoma. Sasa yuko Magu, ni fundi cherehani. Kila Krismasi ananiletea kanga."

Dada yangu Veronica ameishi na mwanaume yule tangu tukiwa wasichana. Alikuwa ameambiwa mumewe ni kifungua mimba. Alimgeukia.

"Mayu, hayo ni mambo ya zamani," Danford alimwambia mama yake.

"Uliniomba ninyamaze ulipokuwa unaoa, nikanyamaza. Leo sinyamazi."

Unadhani aliomba radhi? Unadhani hata alimtazama mtoto? Alisimama, akavuta koti lake, akasema ndege hawajapewa maji. Akatoka kwenda kuwapa ndege maji. Siku ile kwa mara ya kwanza aliwapa mwenyewe.

Method ni karani katika ofisi mpya za wilaya kule Lagangabilili, na muda wote alikuwa anakwenda na kurudi kwa pikipiki. Baada ya kikao kile alipanga nyumba huko huko, akamhamisha mkewe na mtoto. Bibi Nyamizi naye alikataa kurudi Mwamapalala, akaenda nao. Wakamwita Lukresia. Nilikuwepo siku alipofika: mwanamke mnene, miwani minene, sauti ya kusikika mtaa wa pili, amebeba begi la vitambaa. Alimshonea Anna kofia za ukingo mpana na magauni ya mikono mirefu. Alimkalisha Monika chini akamweleza jinsi ya kumlinda mtoto na jua, na watu wa kujihadhari nao. Nilimuuliza kama atapitia kwa mdogo wake Bariadi.

"Hajambo?" akauliza.

"Hajambo."

"Basi." Akarudi kwenye sindano yake.

Mtu mwingine angejificha. Danford alinunua koti jipya. Anna alipoanza kutembea, mzee alipeleka ndege wake kwenye maonyesho ya Nane Nane pale Nyakabindi, matundu yamepangwa mezani, yeye amesimama mbele na fimbo ndogo ya kuonyeshea. Veronica alikuwa nyuma akijaza uwele. Mimi nilikuwa nimemletea dada chakula. Watu walijaa, na Danford alikuwa kwenye raha yake: kijani hivi, bluu vile, inajificha, haijafa.

Monika akatokea na mtoto. Anna, kwa kofia yake, alijipenyeza mpaka mbele. Haoni vizuri mbali, kwa hiyo alisogeza uso mpaka karibu kugusa waya, akacheka ndege mmoja alipomkaribia.

Mzee alimtambua, nina hakika, kwa sababu fimbo ilimshuka mkononi. Kisha akasafisha koo.

"Mama," alimwambia Monika, kama anavyomwambia mpita njia, "mtoto asishike waya."

Mtu mmoja akamuuliza kama anamfahamu mtoto yule. Danford alisema wageni ni wengi mwaka huu.

Monika alimshika Anna mkono. "Twende tukaone ng'ombe," alimwambia, wakaondoka bila haraka.

Dada yangu aliweka chini kopo la uwele. Alikung'uta mikono, akafungua kanga aliyojifunga kiunoni, akaikunja, akaiacha juu ya meza kati ya matundu. Danford aliita, "Mama Method, maji yameisha huku!" Veronica hakugeuka. Aliwafuata kule kwenye mabanda ya mifugo, na jioni ile alipanda gari la Lagangabilili pamoja nao.

Yuko huko mpaka sasa, amenenepa. Danford bado ana ndege, ingawa banda linanuka ukipita barabarani. Chakula anakula kwa mama ntilie wa stendi, ambaye ananilalamikia kwamba mzee hamalizi sahani bila kumfundisha rangi.