Fremu Isiyo na Muuzaji

Tak Geum-rye aliuza kimbap, ule wali wa kuviringa kwenye mwani, kwa miaka thelathini na mmoja pale Bupyeong, kwenye fremu ya mtu mwingine. Magoti yalipogoma akafunga kazi. Akiba yake ilitosha kununua kitu kimoja tu cha kupangisha: nyumba ya vyumba viwili ghorofa ya tisa, au fremu ya duka chini ya jengo jipya, mkabala na shule. Akichagua vibaya, anarudi jikoni na magoti yale yale.

"Mama, chukua nyumba," alisema binti yake, Mi-ran. "Watu lazima walale mahali. Hakuna anayelazimishwa kufungua duka."

"Na sakafu ya kupasha nyumba joto ikikataa kupata moto kwenye baridi ya Januari, watampigia nani simu? Wewe? Leo bomba, kesho karatasi ya ukutani imebanduka. Mpangaji wa duka hasumbui. Mimi nilimpigia mwenye fremu yangu mara ngapi?"

"Hata mara moja."

"Umeona!"

Geum-rye alikuwa akihesabu wapangaji wote wa duniani kwa kujitazama mwenyewe, na hesabu ya namna hiyo haina wa kuisahihisha.

Fremu ikanunuliwa. Dalali Bang, ambaye kabla ya kuuza alipiga simu mara tatu kwa siku, sasa kila akipigiwa alikuwa njiani. Miezi saba ikapita bila mpangaji, kioo kikajaa vumbi. Hatimaye akatokea kijana Seok-hwan, mfanyakazi wa ofisini, mwenye nywele zilizochanwa vizuri. Akapanga friji saba za aiskrimu, akaweka mashine ya kulipia na kamera juu ya mlango, kisha akavaa koti aondoke.

"Na muuzaji yuko wapi?" Geum-rye aliuliza.

"Hakuna muuzaji, mama. Ndiyo biashara yenyewe. Mteja anachukua, analipa, anakwenda zake. Mimi nitakuwa napita Ijumaa."

Na kweli hakusumbua. Kodi iliingia tarehe mosi bila kuombwa. Geum-rye alikuwa amepata mpangaji aliyemuota, na jambo hilo likamkosesha raha. Duka wazi, taa zinawaka, hakuna mtu! Siku ya tatu alipita kuangalia tu. Akakuta mfuniko wa friji umeachwa wazi, akaufunga. Siku ya nne alikwenda na kitambaa. Wiki iliyofuata akapeleka kigoda, maana kufuta friji saba kunachosha.

Akaanza kuwalipisha kwenye mashine wazee walioiogopa. Watoto wa shule wakamzoea.

"Bibi, aiskrimu ya maharage mekundu imeisha?"

"Iko chini kabisa. Na wewe, rudisha hiyo! Umeshika ya tatu sasa, unaipapasa kama tikiti maji."

Seok-hwan alimwona kwenye kamera. Badala ya kumzuia, akamtumia ujumbe: "Mama, usijichoshe." Baada ya wiki mbili akaacha kupita Ijumaa.

"Yaani sasa umeajiriwa na mpangaji wako," Mi-ran alisema. "Tena bure."

"Nani kaajiriwa? Nalinda mali yangu."

"Ungenunua nyumba, ungekuwa umekaa sebuleni kwa mpangaji unamkunjia nguo."

Mwaka wa pili Seok-hwan akahamishwa kikazi, akatafuta wa kumwachia duka. Kama ilivyo desturi, anayeingia humlipa anayetoka kilemba, yaani bei ya wateja aliowavuta. Mwenye fremu hagusi hata senti. Duka la Seok-hwan lilikuwa linauza kuliko yote ya aina hiyo mtaani, kwa hiyo kilemba kilikuwa kinono, na mama mmoja aitwaye Ham Yu-jin alikilipa bila kusitasita.

Siku ya kusaini mkataba walikutana ofisini kwa Bang. Yu-jin alishika mkono wa Geum-rye kwa mikono yake miwili.

"Mama, nimefurahi sana. Kwa kawaida unafika saa ngapi?"

"Kufika wapi?"

"Dukani. Kaka Seok-hwan alinieleza: friji saba, mashine moja, na bibi wa kila siku. Ndiyo maana kilemba kikawa vile."

Bang akainama kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake.

Geum-rye alipandwa na hasira. Lilimjia neno kali, lile alilowatunzia walevi enzi za kimbap. Kisha akafikiria kioo chenye vumbi, na miezi saba mingine ya namna ile, na jiko.

"Saa tatu asubuhi," alisema. "Lakini Jumapili sifiki. Magoti."

"Mama, jamani, Jumapili ndiyo siku ya mauzo!"

Wakavutana hadi chai ikapoa. Mwisho wakaafikiana apumzike Jumatatu.