Bango la Gari la Moshi la Babu Ismaili

Feruzi ni mtu wa kinyaa, na mtaa mzima wa Waswahili pale Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, unalijua hilo. Hanywi katika kikombe alichonywea mwingine, hata awe mkewe. Akipita penye ndagala, dagaa wa ziwani, walioanza kuoza, hujifunika pua kwa ukosi wa shati na kulaani mpaka afike barabara kuu. Lakini kinachomchefua kuliko vyote ni kazi mbaya ya rangi. Miaka arobaini sasa anachora vibao: majina ya mitumbwi, saluni, maduka ya mawese, msikiti mmoja kule Gatete. Siku hizi watu wanaleta mabango ya plastiki yaliyochapwa Bujumbura, na akiyaona yanapepea juu ya mlango wa mtu, hutema mate pembeni.

"Aka! Uso wa mwanamuke wa watu wameuvuta mpaka umekuwa wa ng'ombe," husema, "na mutu anafurahi kabisa!"

Kitu kimoja tu kilikuwa hakijawahi kumchefua: bango la karatasi lililotundikwa sebuleni kwake, nyuma ya kioo. Lilitengenezwa zamani za Waingereza, upande wa Tanganyika, kuwaita watu wapande gari la moshi la Kigoma. Lo, lile ndilo bango! Gari jeusi lenye mistari myekundu, moshi umejikunja, milima ya buluu nyuma, na madirishani abiria wanakunywa chai. Karibu wote ni Wazungu. Kwenye dirisha la mwisho tu ameketi mwanamume mweusi mwenye kanzu nyeupe na tarbushi nyekundu, ametulia kabisa, hana haraka na mtu. Chini pembeni yupo mchukuzi aliyeinama na sanduku mgongoni, uso hauonekani.

Aliyelileta kutoka Kigoma ni babu yake Feruzi, mzee Ismaili, likiwa limeviringishwa ndani ya kipande cha mwanzi. Alipoulizwa lina uhusiano gani naye, alijibu, "Na mimi nimo humu." Basi, hakuongeza neno. Watu wa nyumbani wakatazama, wakaona tarbushi, na babu kila Idi alikuwa havuki kizingiti bila tarbushi yake. Nani angetafuta zaidi? Tangu hapo ukoo ukaitwa watu wa gari la moshi. Ikija posa nyumbani, au wakienda wao kuposa, bango lilishushwa, likafutwa kwa kanga safi, na mkubwa wa nyumba akaweka kidole dirishani: huyu ndiye babu yetu, aliketi walipoketi Wazungu. Feruzi mwenyewe alipoenda kumposa Chausiku, bango lilitangulia mbele, yeye nyuma.

Sasa, mwaka jana akaja Niyonkuru, tajiri wa mawese aliyekuwa anamalizia hoteli yake ufukweni, njia ya kwenda Kigwena. Alikuwa anatafuta mtu wa kuandika vibao vya vyoo. Akaingia sebuleni, akaona bango, akasahau vyoo.

"Mzee Feruzi, hii afishi iko ya nani?"

"Ya babu yangu, patron. Mwenyewe ni huyu hapa dirishani."

"Eh! Basi utanichorea tatu, kubwa, juu ya mbao, za chumba cha kulia. Ila treni iwe inasimama hapa Rumonge."

"Treni haijawahi kufika Rumonge, hata kwa kupotea."

"Mugeni atajuaje?"

Hapo kinyaa kikampanda Feruzi. Uongo mkavu kama huo, tena kwa mkono wake! Lakini akamfikiria babu yake ukutani, akitazamwa na wakubwa wakila, akakubali. Ndiyo, alikubali. Sisemi alikuwa malaika.

Alifanya kazi yake ya sikuzote: akavuta nyuzi juu ya kioo, akaligawa bango miraba, kisha akahamisha mraba mmoja mmoja kwenye ubao. La kwanza lilipokamilika Niyonkuru akaja kulikagua. Akasifu moshi, akasifu tarbushi, halafu akafika kwa mchukuzi akakunja uso.

"Huyu mutoe. Watu wanakuja kula samaki, hawaji kuona mutu ameinama vile. Anaharibu hamu. Weka majani."

Rangi ya mafuta ya kijani ilikuwa imeisha. Feruzi akachukua rangi ya maji iliyobaki kwenye ndoo, ile ya kuta, akampaka mchukuzi kichaka kizima. Rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta haishiki. Hata aliyejifunza kazi wiki moja anajua kwamba itabanduka. Siku nyingine angejizaba kofi kwa uchafu wa namna hiyo. Siku hiyo alisema moyoni, bango lenyewe la uongo, mimi nijisumbue nini. La pili hakumchora mchukuzi kabisa. Akaotesha maua.

La tatu lilitakiwa liwe kubwa kuliko mengine, kwa hiyo alilitoa bango nyuma ya kioo kwa mara ya kwanza maishani mwake, akalilaza mezani, akavaa miwani. Alianza na pembe ya chini, apate kujua majani yaishie wapi. Mkono wa kushoto wa mchukuzi ulikuwa umeshika kamba ya sanduku. Akahesabu vidole, maana kwenye bango la kwanza alikuwa amevinakili tu mraba kwa mraba bila kuvihesabu. Vinne. Akavua miwani, akaifuta, akahesabu tena. Kidole cha mwisho hakikuwapo toka shinani, na aliyechora, yeyote yule, alikuwa na jicho la haki, maana hata lile fundo la kovu alikuwa amelitia.

Feruzi aliufahamu mkono huo. Alipokuwa mdogo, kila mchana kabla ya chakula, yeye ndiye aliyemmiminia babu maji ya kunawa. Maji yalikuwa yanapita pale pasipo na kidole yanalowesha mkeka, na babu anamwambia, "Polepole, baba."

"Mama Nadia!" akamwita mkewe. "Njoo hapa utazame."

Chausiku akaja, mikono ina mawese mpaka vifundoni, akainama bila kugusa. Mumewe akamweleza yote. Chausiku akaelekeza kidevu dirishani.

"Basi yule wa tarbushi iko nani?"

"Sijui. Mutu tu."

"Astaghafirullah. Mutu tu, na tumemufuta vumbi kwa kanga zetu miaka yote hii!" Akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Na babu mwenyewe wewe umemuwekea majani."

Feruzi akatoka nje akatapika kweli kweli, nyuma ya jiko, mtu ambaye haugui. Ule ukoo mzima wa watu safi, na yeye mwenye kinyaa kuliko wote! Walimpita mzee wao ameinama na mzigo, wakaenda kumwamkia mgeni asiyewajua, kwa sababu tu alikuwa ameketi. Na mzee alikaa kimya miaka yote, akawaacha wamtazame mtu mwingine mbele yake. Aliona aibu yake au aliona yao? Feruzi hakutaka kulijibu hilo.

Kesho yake alikwenda hotelini. La kwanza na la pili yalikuwa yameshatundikwa. Akamwambia Niyonkuru ukweli wote, akamwomba amruhusu amrudishe mchukuzi kwenye mabango yote, bila malipo.

"Haiwezekani, mzee. Kadi za mwaliko zimeshachapwa. Tumeandika kwamba babu yako ndiye abiria wa kwanza wa Rumonge." Niyonkuru akamshika bega, kwa upole kabisa, na upole huo ndio uliomchefua Feruzi kuliko matusi. "Sikiliza. Kila mutu hapa ana babu aliyebeba mizigo. Wewe una bahati, wako ameketi. Mwache aketi."

Bango la tatu Feruzi hakulimaliza. Alisema mgongo unauma, na Niyonkuru akaridhika na mawili.

Siku ya ufunguzi ilikuwa Jumamosi, saa saba mchana. Mikeke ya kuchoma, samaki wa ziwani, ilijaa sahanini, watu wa ofisi walikuwepo, wafanyabiashara wa Bugarama na Bujumbura walikuwepo, na Feruzi amekaa na Chausiku karibu na mlango, hajagusa samaki. Niyonkuru akasimama, akagonga glasi kwa uma.

"Na sasa, wageni wetu, yupo hapa mjukuu wa abiria wa kwanza! Mzee Feruzi, simama. Njoo utuonyeshe babu yako."

Watu wakapiga makofi. Feruzi akaenda mpaka kwenye bango la kwanza. Simu zikainuliwa kumpiga picha. Mkono wake ukapanda kuelekea dirishani, kama ulivyopanda mkono wa baba yake katika posa zote, ukafika karibu na tarbushi. Ukashuka.

Unyevu wa ziwa ulikuwa umeshaanza kazi yake. Kile kichaka kilikuwa na nyufa. Feruzi akaingiza ukucha wa kidole gumba chini ya jani moja, akavuta, na rangi ya maji ikabanduka kipande kizima. Ukatokea mgongo. Akavuta tena, ikatokea kamba.

"Mzee, unafanya nini? Unaharibu!" Niyonkuru alikuja mbio, lakini mezani watu walikuwa wameshaacha kula.

Jani la mwisho likatoka, na mkono ukawa wazi.

"Muhesabu vidole," Feruzi akasema.

Mama mmoja wa meza ya mbele akasogea, akahesabu kwa midomo. "Viko vinne."

"Huyo ndiye babu yangu Ismaili. Hili gari hakulipanda hata siku moja, alilipakia tu. Alituambia yumo, na sisi hatukumutafuta." Akawageukia watu. "Na aliyemuwekea majani si patron huyu peke yake. Patron alisema. Mimi ndiye nilipaka."