Nyumba Yangu Imekuwa Shule, Mwanangu Ndiye Anayefeli

Wenye ukurasa huu, jina langu lificheni vizuri. Mkilitaja, nusu ya mtaa wetu wa Buyenzi itanicheka na nusu nyingine itakuja kula. Mimi ni baba wa miaka arobaini na saba, muuza vitenge, mzaliwa wa Uvira kule Kongo, mkaaji wa Bujumbura tangu ujana. Nimefika Kigoma, nimefika Lusaka, hadi Dubai, ambako Mwarabu mmoja aliniambia hajawahi kuona mtu anayemshusha bei huku akimchekesha. Shule niliiacha darasa la nne. Wengine wanasema yenyewe ndiyo iliniacha. Lakini kwa maisha mimi ni profesa. Basi profesa huyo leo ameshindwa, ndiyo maana nawaandikia.

Nina binti mmoja, tumuite Furaha, miaka kumi na minane, mwaka huu anamaliza sekondari. Mama yake alivuka mpaka kwenda Uvira kumuuguza mamake, barabara ikafungwa kwa vita, na mpaka leo tunasalimiana kwa midomo ya wasafiri. Tumebaki wawili. Mtihani wa majaribio uliporudi, Furaha alikuwa na tatu juu ya kumi katika hesabu. Tatu! Nikamuuliza, "Mama, hizi tatu ni alama ama ni mafiga?" Hakucheka. Akasema, "Papa, nikipata hivi kwa mtihani wa Leta, ule wa serikali, nimekwisha." Mabomu niliyoyasikia katika mji huu ni mengi, lakini neno hilo ndilo lililonitetemesha.

Nikapanda mtaa wa Gihosha kumtafuta mwalimu anayesifiwa kwa hesabu, Mrundi mmoja mpole mwenye miwani. Tukakubaliana aje sebuleni kwangu kila siku baada ya shule, aondoke kabla ya kuvrefe, saa ya kutotembea usiku, askari hawajafunga njia. Nikatafuta ubao, nikapanga mabenchi. Na mimi siwezi kula peke yangu, ndivyo nilivyoumbwa. Nikatangaza mtaani: mwenye mtoto wa mwaka wa mwisho amlete, bure! Wakaja. Kisha wakaja wa Gasenyi, kule pembeni ya mji ambako risasi zinaanza kulia jua likizama tu, na wazazi wao wakaniomba: "Papa, basi walale hukohuko mpaka mtihani upite." Nikasema karibuni, mlango wangu haujui kufuli.

Matokeo? Muzuri sana! Mtoto wa jirani aliyekuwa na mbili sasa ana saba. Mapacha wa Gasenyi siku hizi wanabishana na mwalimu. Mwalimu mwenyewe amenenepa. Ila Furaha wangu, kwenye jaribio la juzi, amepata mbili. Nyumba yangu, ubao wangu, mwalimu wangu, na wa kwangu ndiye anashuka!

Siku moja nikakaa nyuma nichunguze. Mwalimu anaandika, Furaha anainuka kwenda kukoroga chai. Mwalimu anafafanua, Furaha yuko uani anapuliza mbabula, makaa yawake, maharage ya wageni yaive. Anarudi na sinia, ubao umeshafutwa. Ninyi mnajua kwetu: mgeni hakai mdomo mkavu, na binti ndiye mikono ya nyumba, hasa mama asipokuwepo. Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyehitaji kumtuma.

Nikasema, hili ni jambo dogo, mimi niliyekunywa chai na Waarabu! Kesho yake nikabeba sinia mwenyewe. Mwalimu akaruka kusimama, chaki ikaanguka. "Apana, Mzee! Mi siwezi kunyweshwa chai na mutu mukubwa kama wewe. Itanikaba." Na watoto wote wakasimama. Somo likafa papo hapo. Nikawaambia wageni basi wapokezane kupika. Jirani yangu, mwanamke mwenye sauti ya honi, akapaza juu ya ukuta: "Ee, Papa Furaha! Watoto wamekimbia risasi, we unawatia jikoni? Mama yake akirudi tumwambie nini?" Mtaa mzima ukasikia. Nikanywea.

Mwalimu akanivuta pembeni. "Mzee, funga mlango siku hizi zimebaki. Nimufundishe yeye tu." Rahisi kusema. Wale wa Gasenyi niwapeleke wapi?

Jana nikamwambia Furaha avumilie kidogo, yeye ni mtu wa nyumbani. Akanitazama kama anatazama hesabu isiyogawanyika. "Papa, mu nyumba hii wageni ndio wanasoma. Basi kesho na mi nitakuwa mugeni."

Nikacheka. Mimi hucheka kila kitu.

Leo baada ya shule nikasikia hodi. Nikafungua. Ni wanafunzi, na Furaha katikati yao. Amevua viatu mlangoni kama wenzake, akanipa mkono. "Jambo, Mzee." Hakusema Papa. Mzee! Akapita, akaketi benchi la mbele, akafungua daftari lake. Hajageuka kutazama uani hata mara moja.

Haya nayaandika nimekaa kwenye kigoda, uani, mbele ya mbabula baridi. Ndani namsikia mwalimu akiuliza, na sauti ya kwanza kujibu ni ya Furaha. Amekosea. Mwalimu anamrudisha nyuma, anajaribu tena. Wenzake wameanza kuchungulia mlangoni, chai haiji. Nikiibeba mimi, wote watasimama na somo litakufa. Nisipoibeba, nimekuwa mtu wa kunyima wageni, mimi! Nikiwatoa, nawarudisha kwenye risasi. Na nikimwita Furaha, atainuka. Hilo ndilo linaniua, ndugu zangu. Pamoja na hasira yake yote, nikimwita tu, atainuka.

Mimi niliyefika Dubai nimeshindwa kuvuka ua wangu mwenyewe. Mtihani haungoji, na kiberiti kiko mkononi mwangu. Nishaurini, nifanye nini?