Mdundo Alioficha Semeni

Enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru na redio kaseti zikajaa Kibiti, shangazi yangu Semeni alirekodi kanda ya nyimbo zake. Aliwajua wezi wa kanda, wanaorudufu jasho la mtu na kubandika majina yao. Kwa hiyo akaficha alama. Chini ya ngoma kubwa alipiga kwa vidole mdundo wa unyago, ule ambao yeye, kungwi, huwafundisha wali, wasichana waliovunja ungo, wakiwa ndani. Mwanamume angeusikia kama ngoma tu.

Haidari, muuza kanda wa Bungu, aliirudufu, akaiuza stendi kwa jina lake, mdundo umo humo humo. Shangazi akamshitaki kwenye baraza la kata.

"Alama unayoisema ni ipi, Bi Semeni?" akauliza mwenyekiti. "Tueleze umeitoa wapi."

Wajumbe wote walikuwa wanaume. Ya unyago hayatajwi mbele yao. Kungwi akiyataja, si kungwi tena. Shangazi akaomba tu kanda ichezwe, ikachezwa.

"Basi huna ushahidi," akasema mwenyekiti.

Ushahidi! Ulikuwa unalia masikioni mwao, mabwege wale!

Kanda ikaenea, walevi wakaicheza. Wanawake waliutambua mdundo, wakasema Semeni ameuza siri za wali. Hakuna tena aliyempelekea binti.

Mjukuu wake Yasmini alipovunja ungo, aliitwa kungwi kutoka Umwe. Shangazi aliachwa nje, barazani, pamoja na wanaume. Mdundo ulipoanza ndani, mmoja wao akatabasamu.

"Kumbe na humo wanapiga ngoma ya Haidari!"