Chumvi ya Gongoni Iliporuka Mbele ya Bwana Kanji

Aibu hii nilijitafutia mwenyewe, hakuna aliyenisukuma, na hata leo nikipita pale uwanjani chuoni kwetu Kilifi kuna watu hunitazama wakatabasamu, nami najua wanakumbuka nini.

Mimi nasomea malighafi, yaani kwa nini chuma kipate kutu na kioo kisipate, kwa nini shaba ipitishe umeme na mpira ukatae (mamangu huwaambia majirani kwamba nasomea vitu vimetengenezwa na nini, na sijawahi kusikia maelezo bora kuliko hayo). Mwaka wa pili kikundi chetu kilitengeneza pipa la kuweka joto: paneli za sola zinapasha waya mchana, waya unapasha mchanga uliojaa ndani ya pipa la chuma, pipa limezungushiwa majivu ili joto lisitoroke, na jua likitua unateleka sufuria juu yake ukapika bila kuni wala makaa. Mwalimu wetu, Daktari Mutua, alimwalika Bwana Kanji, mwenye duka la vifaa vya sola Malindi, aje alione siku ya maonyesho, na akiridhika atoe paneli za jiko la shule moja ya msingi huko Gede.

Mchanga ulikuwa tayari, umekaushwa, umepimwa. Asubuhi ile nikautazama nikaona hauna sura. Kwetu ni Gongoni, mama amefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi tangu sijazaliwa, na siku hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga chuo, nikataka aone kitu cha kwao. Nilikuwa na gunia la chumvi ya mawe, nyeupe, inametameta, basi nikamwaga mchanga nikajaza chumvi, na wenzangu waliponiuliza nikawajibu kama profesa kwamba chumvi nayo huhifadhi joto (kweli huhifadhi, hapo sikukosea).

Wageni walipofika, pipa lilikuwa limepashwa moto kutwa nzima. Nikaanza kueleza, na maneno yalinitoka vizuri, hata nikamwona mama pale mbele ameketi wima, amejifunga leso yake mpya. Ndipo nikasikia kitu kinasema ta. Kisha ta, ta. Bwana Kanji akauliza hiyo sauti ni ya nini, nikamwambia ni chuma kinatanuka tu, jambo la kawaida (sikuwa najua ni nini), na ili kumtoa wasiwasi nikafunua kifuniko.

Chumvi ikaruka kama bisi, ikatua mezani, ikatua kwenye karatasi zetu, ikatoboa shati la Bwana Kanji, naye akarudi nyuma akagonga meza, jagi la maji likamwagikia soketi, umeme ukakatika mahema yote, na kule hema kuu kipaza sauti kikazimika mkubwa mmoja akiwa katikati ya hotuba. Watu wote wakageuka kututazama. Mimi nimesimama na kifuniko mkononi.

Mama akainuka taratibu, akaninyang'anya kile kifuniko kwa pindo la leso, akafunika pipa kama anayefunika wali wake jikoni. Daktari Mutua akaniuliza kimetokea nini, nami nikageuka kumtazama mama. Mama akamwomba ruhusa aseme.

"Hii imekauka nje tu, Daktari. Chumvi ikiganda, kila punje hufungia maji ya bahari ndani yake. Ukiitia motoni, yale maji yanatafuta njia ya kutoka."

"Na dawa yake, mama?" Bwana Kanji akauliza, huku akijipangusa shati.

"Isagwe iwe unga, ndipo ikaushwe."

Daktari Mutua akatoa kalamu, akamwomba arudie polepole, akaandika neno kwa neno. Nilikuwa natamani ardhi inimeze, na papo hapo natamani kumwambia kila aliyekuwa pale kwamba huyu ndiye mama yangu.

Baada ya wiki mbili tuliitwanga chumvi kwenye kinu, mimi na yeye, tukaikausha, na Bwana Kanji akarudi (na shati jingine) akala maharagwe yaliyoivia juu ya pipa lile baada ya magharibi. Paneli alitoa. Lakini pipa la Gede tulilijaza mchanga, kwa sababu chumvi ikinyonya unyevu hula chuma, kwa hiyo mbwembwe zangu zote zilikuwa za bure tangu mwanzo. Katika ripoti, chini ya majina yetu, Daktari aliongeza jina la mama, na wala sikumwomba.

Mimi nimeapa sitafunua tena kitu cha moto mbele za watu kabla sijakijaribu peke yangu hadi mwisho. Na mtu akiniuliza sauti fulani ni ya nini, nami sijui, nitamwambia sijui, kisha nitampigia mama simu.